Meya Aliyeatamia Jiwe

Paukwa!

Pakawa!

Wafupi wakae mbele, warefu wakae nyuma, na mwenye mtoto mchanga akae karibu na mlango. Hadithi inapita hapa, tuipishe njia.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na miji yao, na miji ikiwa na mameya, palikuwa na mji ukiitwa Matopeni. Meya wa Matopeni alikuwa Kiboko. Alikuwa mnene, mpole, mcheshi. Ukimsalimu anaitika. Ukimwalika harusini anakuja, tena anakula mpaka sufuria inalia kwaru, kwaru. Hapakuwa na mtu wa kumchukia.

Lakini alikuwa na jambo lake. Kiboko alipenda kuweka mawe ya msingi.

Mnalijua jiwe la msingi? Linachongwa, linaandikwa jina la mheshimiwa, linafunikwa kitambaa. Ngoma zinapigwa, ndi, ndi, ndi. Mheshimiwa anavuta kitambaa, fyuu. Wananchi wanapiga makofi. Baada ya hapo ndipo kazi inaanza. Sasa Kiboko alipenda ngoma. Alipenda kitambaa. Alipenda makofi. Kazi ikitaka kuanza, yeye ameshakwenda kuweka jiwe jingine.

Sokoni palikuwa na jiwe. Soko hapana. Pa kujengwa zahanati palikuwa na jiwe. Wagonjwa walifika, wakakaa juu yake, wakapumzika, wakarudi kwao wakiumwa vilevile. Waliofurahi ni mijusi. Kila asubuhi mijusi walipanda juu ya mawe ya Meya, wakaota jua, wakatikisa vichwa, wakasema, "Kiongozi ni huyu."

Siku moja Kiboko akaja kuweka jiwe kwenye kiwanja cha watoto.

Kiwanja hicho kilikuwa kibovu. Mvua ikinyesha, kinajaa maji, chubwi chubwi, na maji yakijaa yanamwagikia upande wa chini, vichakani. Kiboko alikuja na karani wake, Kasuku. Kazi ya Kasuku ilikuwa kutangaza mambo ya baraza, na kurudia neno la mwisho la Meya ili makofi yajue pa kuanzia.

Kasuku akakohoa, akatangaza, "Baraza la Matopeni limepitisha Sera ya Michezo. Kila mtoto wa mji huu, mwenye manyoya au mwenye magamba, atapata mahali pakavu pa kuchezea."

Kiboko akasimama, akasema kwa sauti yake nzito, "Mtaro wa kutoa maji utachimbwa hapa upande wa chini, hadi mtoni. Mhm. Utakuwa tayari kabla ya masika."

"Kabla ya masika," akasema Kasuku.

Makofi. Ngoma, ndi, ndi, ndi. Kitambaa, fyuu. Na jiwe likawekwa palepale liliposimamishwa turubai la wageni, yaani katikati ya kiwanja, katikati kabisa.

Nyuma ya umati alikuwepo Mama Kanga, na pembeni yake mwanawe Doa. Mama Kanga alikuwa mwenye kusikiliza. Akiambiwa jambo, analichukua kama lilivyo. Akarudi nyumbani akifikiri: mtaro utachimbwa, upande wa chini utakuwa mkavu, pale kichakani pana kivuli kizuri na hapana nyoka. Akaenda pale kichakani, akakwangua udongo, akatandika majani. Akataga mayai yake. Akayaatamia.

Siku zikapita. Mtaro haukuja.

Watoto wakaendelea kucheza. Wangefanya nini? Mpira wakiupiga unagonga jiwe, tuk, unarudi ulikotoka. Wakalizoea lile jiwe, wakalipa jina, wakaliita Beki wa Meya. Hakukuwa na beki hodari kama yule. Hachoki, hapitiki, na refa akimwambia toka, hatoki.

Siku moja ikanyesha mvua kidogo, rasharasha tu, ya kutuliza vumbi. Maji yakatoka kiwanjani, yakatambaa, yakafika kichakani. Mama Kanga akayaona yanaramba ukingo wa kiota chake. Akatandaza mbawa, akaganda. Maji yakasimama. Hayakuingia.

Juu ya mti alikuwepo Ngedere, jirani yake, asiyeweza kuona jambo akanyamaza.

"Mama Doa," akasema Ngedere, "mbona umejenga bondeni?"

"Meya alisema kutakuwa na mtaro."

Ngedere akacheka mpaka akashikilia tawi. "Na wewe ukaamini? Mwenzetu, sisi tunaendaga kule kwa ajili ya ngoma."

Mama Kanga lile neno lilimkaa. Rasharasha imefika ukingoni. Masika itafika wapi? Na mayai hayahamishwi. Ukiyahamisha yanapoa, yakipoa basi tena.

Akamwita Doa. "Mwanangu, kaa hapa juu ya ndugu zako. Usicheze nao. Wape joto."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka nirudi."

Mama Kanga akashika njia, tiri tiri tiri, hadi ofisi ya baraza. Akamkuta Kasuku mlangoni.

"Namtaka Mheshimiwa."

"Mheshimiwa hayupo, anaweka jiwe."

"Jiwe la nini tena?"

"La uwanja wa ndege."

"Lakini ndege tunatua popote, karani."

Kasuku akafikiri kidogo. "Ndiyo maana hatujapata mtu wa kupinga," akasema. "Nenda kwa diwani wa ujenzi, Mzee Kobe. Ameshatoka kwenda kukagua kiwanja chenu."

"Katoka lini?"

"Jiwe lilipowekwa."

Mama Kanga akamtafuta Kobe. Akamkuta njiani, si mbali na ofisi. Anakwenda. Mguu huu, anapumua. Mguu ule, anapumua.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mwanangu. Usinicheleweshe, niko kwenye ukaguzi."

"Ndicho kilichonileta. Masika inakaribia na mtaro haujaanza."

"Utaanza. Kwanza nikague. Halafu nirudi niseme nimeona nini. Halafu nije tena na mafundi." Akapumua. "Hata hivyo sijui haraka ni ya nini. Mheshimiwa mwenyewe alipita jana baada ya mvua, akakisifu sana kiwanja."

Mama Kanga akashangaa. Alikisifu vipi kiwanja kilichojaa maji? Akarudi mbio. Na kweli, alipofika kiwanjani alimkuta Kiboko amekuja tena. Mnajua alikuwa wapi? Alikuwa amelala ndani ya dimbwi. Macho juu, masikio juu, kilichobaki chote chini ya tope. Anatoa mapovu, blu blu blu.

"Kiwanja kizuri hiki," akasema Kiboko. "Kilaini. Cha baridi. Mimi sioni tatizo."

"Hakuna tatizo," akasema Kasuku, aliyekuwa ameshafika na kumtua mgongoni.

Hapo Mama Kanga akaelewa. Kumbe Meya wao hakuwa mwongo. Alikuwa kiboko tu.

Akataka kukasirika. Kabla hajakasirika vizuri, akamwona Doa. Doa alikuwa ameona kereng'ende, akasahau mayai, akamfukuza kereng'ende hadi kwenye dimbwi. Akateleza, chubwi. Kifaranga na maji ni mambo mawili. Akapiga mbawa, akazama, akaibuka, akazama. Mama Kanga akatoka mbio. Lakini Kiboko akatelezesha pua lake kubwa chini ya yule mtoto, polepole, kama mama anayechota uji wa moto kwa kijiko. Akamwinua. Akamfikisha pakavu. Akampulizia pumzi ya joto, fuuu, mpaka manyoya yakasimama.

"Pole, bwana mdogo," akasema. "Umekuja kuogelea?"

"Nimekuja kucheza," akasema Doa, meno yanagongana. Kanga hana meno, lakini siku ile yaligongana.

Mama Kanga akashukuru, akamchukua mwanawe, akakimbilia mayai. Yalikuwa bado na joto. Akakaa juu yake akiwaza. Yule aliyemwinua mwanangu kwa upole vile, ataweza kuyazamisha mayai yangu? Hawezi. Basi hajui. Na asiyejua huambiwa.

Ukaja mkutano wa wananchi. Wakakusanyika hapohapo kiwanjani, kwenye sehemu kavu. Wananchi walikuja na hasira zao. Nguruwe akataka soko. Swala akataka zahanati. Ngedere alikuja na maembe mabovu, hakusema ya nini, lakini aliyashika kwa mkono wa kutupia.

"Ang'oke," wakasema huku.

"Ang'oke na mawe yake," wakasema kule.

Kiboko akasimama amejiinamia. Hakuzoea mkutano usio na ngoma. Kasuku naye hakujua arudie neno la nani.

Mama Kanga akainua ubawa. Sauti ya kanga mnaijua, hata akinong'ona inafika mtaa wa pili. "Naomba kuuliza," akasema. "Mheshimiwa, mimi nikitaga yai, nafanya nini?"

Kiboko akainua kichwa. "Unaliatamia."

"Siamki nikaenda kutaga jingine kwa jirani, na ngoma?"

Watu wakaanza kucheka. "Hapana," akasema Kiboko.

"Silipigii makofi nikaondoka?"

"Hapana."

"Basi, Mheshimiwa, wewe umetaga mji mzima. Sokoni umetaga. Zahanati umetaga. Hapa umetaga, katikati kabisa. Na hujaatamia hata moja. Kwetu sisi ukishataga, unakaa. Mvua unakaa, jua unakaa, mpaka kitoke kitu. Mimi siombi ung'oke. Mimi naomba ukae."

Kicheko kilivuma kiwanja kizima. Ngedere akasahau akala embe lake bovu. Kiboko naye akacheka, tumbo likatikisika, kwa sababu alikuwa mcheshi na alishukuru kuona hapigwi.

"Kuatamia tu?" akasema. "Kwa mwili huu? Nitaangua kabla ninyi hamjafika nyumbani."

Akaenda katikati, akageuka, akakalia jiwe, puu.

Kesho yake asubuhi akaja kukaa. Kukaa ni kutamu kukiwa na kivuli. Pale katikati hapakuwa na kivuli. Jua likapanda, ngozi ya kiboko ikaanza kukaza na kuwasha. Dimbwi lilikuwa karibu, linang'aa, linamwita. Asingeweza kwenda. Ameshasema mbele ya watu.

Na watu wakawa wanapita.

"Habari ya asubuhi, Mheshimiwa. Mtaro umefikia wapi?"

"Mchakato unaendelea," akasema Kiboko.

"Unaendelea," akasema Kasuku.

Anapita mwingine. "Shikamoo, Mheshimiwa. Na mtaro?"

"Mchakato unaendelea."

Doa alikuwa anachezacheza karibu. Akasogea. "Mheshimiwa, huyo Mchakato ni nani?"

"Si mtu, mtoto wangu."

"Hachimbi?"

"Hachimbi."

"Basi nani anachimba?"

Kiboko akafungua mdomo. Ule mdomo mnaujua ukubwa wake. Ukakaa wazi, na hakikutoka kitu. Kasuku akasubiri neno la mwisho la kurudia. Halikuja.

Jua likawa kali. Mama Kanga akiwa kichakani akamtazama. Akaona ngozi yake inavyopasuka. Akamwita shoga yake Bata, akamwomba akae kidogo juu ya mayai. Akaenda mtoni, akaloweka majani ya mgomba, akayaburuta hadi kiwanjani, srrr, srrr. Akampandisha Doa mgongoni kwa Meya ayatandaze.

"Mwache aive," akasema Ngedere juu ya mti. "Si kataga mwenyewe?"

"Anayeatamia huletewa maji," akasema Mama Kanga. "Mimi Bata ananiletea kila siku. Ungeshuka ukasaidia kuburuta, ungejua jani la mgomba lina uzito gani."

Ngedere akanung'unika. Lakini akashuka. Akaburuta.

Basi ikawa hivyo, kutwa baada ya kutwa. Asubuhi Kiboko anakuja, jioni anakwenda mtoni. Wapitao wanauliza. Majani yanaletwa. Na kwa kuwa hakuwa na ngoma ya kusikiliza, Kiboko akaanza kutazama. Akaona watoto wanazunguka dimbwi kucheza, hawaingii. Akaona sungura mdogo kakaa pembeni kwa sababu juzi aliteleza. Akaona Mama Kanga kila akimletea majani anarudi mbio upande wa chini, anaingia kichakani.

Akamwuliza, "Mama Doa, kuna nini kichakani kule?"

"Mayai yangu, Mheshimiwa."

"Mbona umeyaweka bondeni? Maji yakija yatapita hapo."

Mama Kanga akasita. Hakupenda kumwaibisha mtu aliyeloweshwa kwa majani. Lakini swali limeulizwa.

"Niliyaweka kwa sababu ulisema kutakuwa na mtaro."

Kiboko akauliza polepole, "Nilisema mimi?"

Aliyejibu ni Kasuku. Kasuku asikiacho hakimtoki. Akafungua mdomo, ikatoka sauti nzito ya Meya mwenyewe, na kikohozi chake ndani, "Mtaro wa kutoa maji utachimbwa hapa upande wa chini, hadi mtoni. Mhm. Utakuwa tayari kabla ya masika."

Ni mara ya kwanza Kiboko kujisikia akisema. Akatazama juu. Upande wa milimani wingu lilikuwa limekaa, jeusi, zito, linanguruma, gur, gur, gur.

Masika ilikuwa imefika mlangoni.

"Mama Doa," akasema, na sauti haikuwa nzito tena, "mimi nimekaa. Nimekaa sana. Mbona hakitoki kitu?"

"Mheshimiwa, kuatamia si kukaa tu. Yai tunaligeuza."

Kiboko akatazama jiwe. Akatazama kichaka. Akatazama wingu. Akashuka. Akaingiza pua chini ya lile jiwe la jina lake, akalisukuma, kruu. Beki wa Meya akatoka mahali pake. Watoto wakashangaa. Akalisukuma tena, kruu, kruu, hadi upande wa chini. Pale akaliacha pembeni, akashusha kifua chake kwenye udongo laini, akaanza kwenda. Kiboko akitembea kwenye tope anaacha njia, na yeye siku ile alitaka kuiacha. Udongo ukapasuka, faaa. Ukalala huku na huku. Nyuma yake likabaki shimo refu.

Nguruwe akaona. Pua ikamwasha. Akaingia, akachimba kingo. Swala akatoa mizizi. Ngedere akabeba udongo na kulalamika, akabeba na kulalamika, lakini akabeba. Bata akawa anawaletea maji. Wingu likanguruma, gur, gur. Tone la kwanza likaanguka, ti. La pili, ti. Mama Kanga amelala juu ya mayai yake, mbawa wazi, macho kwa Kiboko. Hakuwa na la kufanya zaidi ya kubaki.

Tititititi, mvua ikashuka yote.

Kiwanja kikajaa, maji yakaanza kushuka upande wa chini, yanakuja, ya rangi ya chai, yana povu. Kiboko alikuwa bado hajafika mtoni. Kimebaki kipande. Akavuta pumzi, akajitupa mzimamzima, gubu, ukingo wa mto ukamomonyoka. Maji yakafika kwenye kiota cha Mama Kanga, yakageuka. Yakaingia mtaroni. Yakapita mbele yake, shaaaa, hadi mtoni.

Wote wakasikiliza maji.

Ndipo akatokea Mzee Kobe, mguu huu, mguu ule. "Nimefika kukagua," akasema. Hakuona mtaro. Akatumbukia, gob, maji yakamchukua, yakamzungusha, yakamtoa mtoni salama salimini. Akaibuka, akapumua.

"Unafanya kazi," akasema.

Mvua ilinyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Kiwanja kikabaki kikavu. Na siku moja ya jua, pale kichakani, pakasikika ko. Halafu ko, ko. Yai likapasuka, akatoka kifaranga, akafuatiwa na nduguze, wote wana madoa, wote wana njaa. Doa akawahesabu akachanganyikiwa, akarudia.

Kiboko akaja kutazama. Kitambaa hakuna, ngoma hakuna. Akainamisha kichwa hadi chini ili vifaranga wapande puani.

"Mama Doa," akanong'ona. "Na langu je? Limeanguliwa?"

Mama Kanga akamwelekeza kwa mdomo. Kiwanjani watoto walikuwa wanacheza. Sungura mdogo alikuwa golini. Na lile jiwe walikuwa wamelilaza juu ya mtaro, penye njia, likawa daraja la wenye miguu mifupi. Jina la Meya liko juu, na vifaranga wanalikanyaga kwenda kucheza.

Kiboko akalitazama jina lake linavyochafuka kwa miguu midogo. Akatabasamu, na tabasamu la kiboko ni pana. Kisha akakumbuka sokoni. Akakumbuka zahanati. Akaguna, "Aah."

"Twende, Kasuku," akasema. "Na majani ya mgomba yaje."

Mijusi wa sokoni walikasirika sana. Walipanda ukutani kwa mtu, wakatikisa vichwa, wakasema mji umeharibika. Lakini tangu hapo Matopeni wakaweka desturi: mwenye kuweka jiwe analikalia, na haweki jingine mpaka lile la kwanza litoe kitu. Na kila apitaye anamsalimu na kumwuliza.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili. Anayewaahidi watu jambo akae nalo mpaka litimie, maana kuna mwenzake ameweka mayai yake juu ya neno lile. Na sisi tulioahidiwa tumuulize kila siku bila kuchoka, na tunapokwenda kumuuliza tumpelekee na maji.

Hadithi yangu imefika mtoni, mimi nimebaki ukingoni.